Kuombea Sifuri

Watu husema Wameru wana hasira. Si kweli, na yeyote anayesema hivyo aje aniambie hayo maneno Jumatatu asubuhi, nikiwa nimetoka kutolewa damu na bado sijanywa chai.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nafundisha shule ya upili huko Timau, upande wa Mlima Kenya ambako baridi huingia darasani kabla ya mwalimu. Nalitaja hilo la hisabati mapema ili ijulikane kwamba nambari hazinitishi. Nimezifundisha kwa watoto waliozichukia, nimezitetea mbele ya wazazi waliosema hata wao walifeli na bado wanaishi. Halafu nikashika mimba, na damu yangu mwenyewe ikanipa nambari ambayo sikujua niipeleke wapi.

Mimba yenyewe ilianza kwa kishindo. Nilitapika asubuhi, nikatapika mchana, nikatapika chaki ikiwa mkononi. Walimu wenzangu, ambao hakuna hata mmoja aliyesomea udaktari, waliketi ofisini wakaamua kwamba ni mapacha. Mwalimu wa dini alisema ni mvulana, kwa sababu wavulana husumbua tangu tumboni. Tumbo nalo lilivimba haraka kuliko umri wake, na hilo likawa ushahidi tosha. Mume wangu, ambaye ni fundi wa matrekta na mashine za kuvuna ngano kwenye yale mashamba makubwa, alianza kutembea kifua mbele kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akitapika.

Habari zilifika Kibugu, kule juu Embu karibu na msitu, ambako mama yake mume wangu analima majani chai. Mama mkwe ni mjane, na mume wangu ndiye mtoto wake wa pekee. Alizipokea habari zile kwa utulivu. Alichofanya tu ni kuagiza gunia la njahi kutoka kwa Wambeere huko chini kwenye joto, akaliweka chini ya kitanda chake. Kwa asiyejua, njahi ni maharagwe meusi yenye mstari mweupe, na huku kwetu hupikiwa mwanamke aliyejifungua ili maziwa yatoke. Mimba ilikuwa bado haijafika hata miezi mitatu, na chakula cha kunyonyesha kilikuwa tayari kimewasili.

Kisha damu ikaanza kutoka. Kidogo kwanza, halafu si kidogo. Tuliteremka hadi Meru mjini, hospitalini, nikalala kwenye kitanda cha picha, daktari akanipaka ile jeli baridi tumboni na kuanza kutafuta. Alitafuta sana. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani, na nilipomwona anageuza skrini kuielekeza ukutani nikajua hizo si habari za mapacha.

"Madam, hapa hakuna mtoto," akasema.

Nilimwambia atafute vizuri. Nimekwisha sema mimi sina hasira.

Akanieleza polepole, na namshukuru kwa hilo. Mimba yangu ilikosea tangu siku ya kwanza. Mtoto hakuumbika kabisa, lakini kondo, lile linalomlisha mtoto tumboni, halikuambiwa. Likaendelea na kazi peke yake, likakua, likajaa vifuko vya maji vilivyoshikana kama kishada cha zabibu. Na kwa kuwa kondo ndilo linalotengeneza ile homoni ya mimba, kondo kubwa kupita kiasi likamwaga homoni kupita kiasi. Ndiyo maana nilitapika vile. Mwili wangu ulikuwa umeandaa mimba kamili, na kilichokosekana ni mtoto tu. Ilikuwa kama harusi yenye hema, wapishi na MC, bila bwana na bila bibi arusi.

Walinisafisha siku iliyofuata. Sitaeleza. Nilirudi Timau nikiwa na tumbo tupu na hamu ya kula mandazi, na hiyo hamu iliniudhi sana, kwamba mwili unaweza kuomba mandazi siku kama ile.

Nilidhani mambo yamekwisha hapo. Daktari akasema ndiyo yanaanza. Kipande kidogo tu cha kondo la namna ile kikibaki, alisema, kinaweza kuanza kukua tena, kikaingia kwenye damu, kikafika mapafuni, kikawa saratani. Hutakiona kwa macho wala hutakisikia. Shahidi wa pekee ni ile homoni, kwa sababu palipo na kondo, hata chembe, damu itasema. Kwa hiyo kila wiki nitapimwa. Nambari ikishuka mpaka kutoweka, nimepona. Ikikwama au ikipanda, tunaanza dawa za saratani. Na katika muda huo wote nisithubutu kushika mimba nyingine, kwa maana damu haitajua kutofautisha mtoto na ugonjwa.

Nilimwomba arudie hilo la mwisho. Homoni ile ile, nambari ile ile, inaweza kuwa mtoto na inaweza kuwa kaburi, na mashine haijali. Nimefundisha hisabati miaka mingi na sijawahi kuona jibu moja lenye maswali mawili yaliyo mbali hivyo.

Basi Jumatatu zangu zikahamia maabara, Meru mjini. Pale mapokezi palikuwa na dada mmoja mwenye sauti ya kuuza nguo sokoni. Alisoma karatasi ya daktari, akauinua uso, na ukumbi wote ukasikia.

"Mama, hii ni pregnancy test! Kwa nini usifanye tu ya mkojo? Hiyo ni rahisi, na majibu unangoja hapo hapo."

Nikamwambia daktari anataka ya damu.

"Aa, kipimo cha beta! Unataka kujua iko wiki ngapi. Hongera!"

Watu waliokuwa kwenye benchi wakanitabasamia. Mzee mmoja akanisogezea nafasi. Ukutani, juu ya kiti cha kutolea damu, walikuwa wamebandika picha ya mtoto mnene ajabu, anayecheka bila meno, na kila Jumatatu nilimtazama huyo mtoto huku sindano ikiingia. Sijui ni nani aliyeamua kwamba hiyo ndiyo picha ya kuwawekea wanawake wote wanaoingia pale, kana kwamba sote tumekuja kwa shughuli moja. Nilipongezwa na yule dada wiki ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Wiki ya nne nilikuwa nimeanza kusema asante.

Mtu wa pale niliyempenda ni msichana aliyetoa damu. Alikuwa na mkono mwepesi na hakuuliza maswali. Alinitumia majibu kwenye simu alasiri, nambari tupu, bila hongera wala pole, na mimi nikaipeleka nambari kwenye grafu niliyoichora na kuibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Ya kwanza ilikuwa juu mno, kwenye karatasi haikutosha. Ya pili ikaanguka vibaya, maana yake vizuri. Ya tatu ikaanguka tena. Mume wangu alikuwa akifungua kabati kutafuta kikombe, anasimama kuitazama ile mistari kama anavyoisikiliza injini, anasema, "Inashuka," kisha anasahau kikombe.

Sasa nimfikie huyo mume wangu, kwa sababu bila yeye hadithi hii ingekuwa fupi na yenye heshima.

Kwao Embu, mwanamume hamwelezi mama yake mambo ya tumbo la mkewe. Kwetu Meru pia ni hivyo, sisingizii. Mambo hayo hupita njia yake. Mke humweleza shangazi wa mume, na shangazi humweleza mama mkwe, jikoni, mlango ukiwa umerudishwa. Ni utaratibu mzuri kabisa ikiwa una shangazi. Wa mume wangu alikwisha kufariki. Mimi nilikuwa kitandani, siwezi kuongea na mtu. Kwa hiyo yule mtu, anayeweza kuifungua mashine ya kuvuna ngano hadi nati ya mwisho na kuijenga tena ikavuma, akatoka nje na simu kumweleza mama yake kilichotupata. Alirudi ndani baada ya muda mfupi sana.

"Umemwambia?" nikauliza.

"Nimemwambia."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

Nilikuja kujua baadaye kwamba kila kitu kilikuwa hiki. Alimwambia mama yake kwamba nililazwa kidogo nikatoka. Mama akauliza ninaendeleaje. Akasema napimwa damu kila wiki. Mama akauliza wanapima nini. Akasema homoni ile ya mimba. Mama akauliza iko vipi. Akasema inashuka. Kisha akamwambia mtandao wa Timau ni mbaya, akakata simu. Kila neno lilikuwa la kweli isipokuwa hilo la mtandao.

Mama mkwe hakuuliza zaidi, kwa kuwa naye ana adabu zake, na mambo ya tumbo hayachunguzwi kwa simu ya mtoto wa kiume. Aliketi akawaza peke yake. Mkaza mwanawe ana mimba. Homoni ya mimba inashuka. Basi mimba inaponyoka, na madaktari wamebaki kupima tu. Ukiniuliza mimi, ni hoja safi isiyo na kosa, ila ilijengwa juu ya nusu ya habari.

Naye hakukaa kuhuzunika. Alipeleka jambo lile kituoni. Kibugu, mtu akishachuma majani chai huyabeba hadi kituo cha kununulia, na pale husubiri lori la kiwanda, ambalo huja likijisikia. Wanawake wameketi juu ya vikapu, majani yamefunikwa yasinyauke, hakuna pa kwenda. Kikundi cha maombi cha kanisa lao kilizaliwa pale, kutokana na kuchelewa kwa lori. Kiongozi wao ni bibi mmoja mwenye maombi marefu, anayeanzia kuumbwa kwa dunia na kutufikia sisi wakati karani tayari anapima mizigo. Waliamua kufunga kila Jumatatu, siku yangu ya damu, ili ile homoni ipande.

Mama mkwe alinipigia simu mara kwa mara. Alikuwa akisema, "Mwari, tunakuombea." Yaani binti yangu. Mimi nikasema asante, Mama. Kimeru changu na Kiembu chake husikilizana bila mkalimani, na kwa majuma hayo yote tulisikilizana vizuri kabisa, kila mmoja upande wake.

Kisha nambari ikakwama.

Ilikuwa imebaki ndogo, ya kuandikwa na mtoto wa darasa la pili, nami nilikuwa nimeshaanza kupanga nitapika nini siku ikiisha. Jumatatu ile ikaja karibu sawasawa na ya wiki iliyotangulia. Niliambiwa nisijali, hutokea. Jumatatu iliyofuata nikakuta pale maabara dawa za mashine zimeisha. Yule dada wa mapokezi alinitangazia habari hizo kwa furaha ile ile, damu yangu ikatumwa kwenye maabara nyingine hapo mjini, na alasiri ikarudi nambari iliyopanda.

Nilikwenda nayo kwa daktari kwa miguu, sikumbuki barabara. Alivua miwani. Akasema mashine mbili tofauti hazipimi kwa mizani moja, kwa hiyo huenda haikupanda. Akasema vilevile huenda imepanda. Wiki ijayo tungerudi kwenye mashine yetu ya kwanza, na kama ingekuwa juu, ningelazwa tuanze dawa. Nikamuuliza kama dawa hizo zingeniachia nafasi ya kuzaa. Akasema wengi huzaa. Nikamuuliza kama watu hufa. Akasema wengi hupona. Niliondoka pale na hilo neno wengi. Nikaketi kwenye ukuta mfupi nje ya hospitali, kando ya mama anayeuza ndizi, tuktuk zikinipigia honi kana kwamba nina mahali pa kwenda. Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema hilo. Niliogopa kufa, na niliogopa zaidi kwamba ningekufa kwa sababu ya kitu ambacho hakikuwahi hata kuwa mtoto.

Simu ikalia. Mama mkwe.

"Mwari, leo imekuwaje? Imeshuka ama imepanda?"

Nikaziba sikio la pili kuzikwepa honi. "Imepanda, Mama."

Kisha nikamsikia akigeuka mbali na simu na kupaza sauti, "Imepanda!" Na kutoka Kibugu, kutoka kituo kizima cha majani chai, vikaja vigelegele. Vilikuja kwa mafungu, vikapasua sikio langu pale ukutani, mpaka mama wa ndizi akanitazama. Wakaanza wimbo. Nikasikia makofi, na kikapu kikipigwa kama ngoma, na sauti ya yule bibi wa maombi marefu ikimshukuru Mungu kwa kutuondolea aibu. Na nikamsikia mama mkwe, akilia kwa furaha, akisema, "Nimekwambia! Nimekwambia tunafunga!"

Nilikata simu. Nimeishi na maombi ya kikundi kile miaka mingi. Waliombea mvua ikaja ukame, waliombea bei ya majani chai ikaanguka, waliombea lori liwahi. Mara ya kwanza mbingu zinawajibu papo hapo, na jambo lenyewe ni langu.

Jioni hiyo mume wangu alinieleza simu yake ile, neno kwa neno. Sitaandika nilichomwambia. Wameru tuna hasira.

Jumamosi tulikwenda Kibugu. Tulipoingia tu kwenye boma, mume wangu aligundua kwamba pampu ya maji ya mama yake ina hitilafu kubwa, akailalia chini na spana. Mimi nikateremka shambani. Mama mkwe alikuwa katikati ya majani chai, kikapu mgongoni, vidole vikienda haraka. Alinyanyuka kunipokea kwa uso uliojaa jua, na macho yake yakateremka moja kwa moja hadi tumboni kwangu. Kwa hesabu yake nilipaswa kuwa na kitu cha kuonekana. Nilikuwa nimekonda kuliko siku ya harusi.

Nikavua koti, nikasimama mstari wa pili, nikaanza kuchuma naye. Kule, jambo gumu husemwa mikono ikiwa na kazi. Nikamwambia yote. Kwamba hakukuwa na mtoto tangu mwanzo. Kwamba kilichokua ni kondo peke yake. Kwamba nilisafishwa, na kinachopimwa sasa ni masalia yake, na kwamba yakikua ni saratani. Nilitumia maneno yote ambayo mwanawe aliyameza. Kichwa changu kilikuwa chini, nikichuma majani ya ovyo, makavu na mabichi pamoja.

Vidole vyake vilisimama.

"Kwa hiyo hiyo nambari," akasema, "ikipanda?"

"Ikipanda ndiyo inaniua, Mama."

Hakulia. Alishusha kikapu polepole, akaketi chini palepale kati ya mistari, skafu yake ikapotea kwenye kijani, nikabaki kama mtu anayezungumza na shamba. Nikasikia sauti yake ikitoka chini.

"Nimefunga nikikuombea kifo. Kila Jumatatu. Sijanywa hata maji."

Nikaketi na mimi. Nilikuja na hotuba kali, nimeipanga kuanzia Timau hadi pale, na haikutoka hata neno. Nilimshika mkono, uliokuwa mweusi kwa utomvu wa majani, tukakaa. Baadaye akauliza kama mtoto wake anajua kueleza hata trekta limeharibika nini. Nikasema trekta anaeleza vizuri sana.

Alipoinuka alikuwa amekwisha kuamua. Alitwaa kikapu chake kikiwa nusu, akaenda kituoni, nami nyuma yake. Wanawake walituona wakaanza kufungua vinywa kwa vigelegele, akawainulia mkono. Akawaambia kwa sauti ya kawaida, kama anayetangaza kwamba lori halitakuja.

"Tumeomba vibaya. Tulitakiwa kuomba ishuke mpaka iishe. Tunaanza upya."

Zogo likazuka. Bibi wa maombi marefu alisema yeye hawezi kumwambia Mungu atoe kitu tumboni mwa mwanamke, hajawahi, na hataanza uzeeni. Mwingine akauliza kama Mungu hatachoka, Jumatatu tumwambie aipandishe, Jumamosi tumwambie aiteremshe. Mwingine alitaka kujua ile iliyopanda iliombewa na nani hasa, asije akalaumiwa peke yake. Karani wa mizani, mwanamume pekee pale, aligundua ghafla kwamba vitabu vyake vinahitaji kusomwa kwa makini. Mama mkwe aliwasikiliza wote. Kisha akaeleza, mbele ya watu, neno kondo, na zabibu, na saratani, mambo ambayo yeye hakuwahi kuyasema nje ya jikoni katika maisha yake yote.

Yule bibi akasogea mbele. Akanitazama mimi, si tumbo langu. Halafu akafumba macho na kuomba maombi mafupi kuliko yote aliyowahi kuomba. Hakugusa hata kuumbwa kwa dunia.

"Baba, hiyo kitu, imalize. Amina."

Jumatatu iliyofuata mashine yetu ilikuwa imepata dawa zake. Msichana mwenye mkono mwepesi alinitoa damu chini ya yule mtoto mnene, na safari hii sikwenda kusubiri majibu nyumbani. Niliketi kwenye benchi la ukumbini hadi alasiri. Alipotoka hakuwa na nambari. Majibu yalikuwa usoni.

"Imeshuka," akanong'ona. "Sana." Akanikimbia kabla sijamkumbatia.

Daktari akasema basi, wiki ile ilikuwa ni mashine. Mama mkwe hakusema ilikuwa nini, na mimi sikumuuliza. Wiki zilizofuata nambari iliteremka taratibu, kwa ukaidi, mpaka Jumatatu moja ambapo yule msichana hakuwapo, na majibu yakaletwa na dada wa mapokezi. Alikuja akiwa ameinamisha kichwa. Sauti yake ya sokoni ilikuwa imekwisha kabisa. Alinishika bega mbele ya ukumbi wote.

"Mama, pole sana. Imekuja negative. Usife moyo, mtajaribu tena."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikajishika ukuta, kisha ikawa si kicheko, machozi yakateremka yakaingia mdomoni, na ukumbi mzima ukanionea huruma kwa dhati. Mwanamke mmoja mjamzito alinipa kitambaa chake. Nikampongeza yule dada, kwa kuwa nilikuwa na deni la hongera zake nyingi, na nikatoka nje nikiwa mtu asiye na chochote tumboni. Daktari alikuwa amenionya kwamba bado ningepimwa wiki nyingine, na miezi baada ya hapo. Nikasema sawa.

Jumamosi tukaenda Kibugu. Nilikuwa jikoni na mama mkwe tuliposikia miguu njiani. Walikuwa wamekuja wote, wanawake wa kituoni, wamevaa nguo za kanisani, wamebeba uji kwenye mitungi, unga, sukari, ndizi, kuni mgongoni. Ni vile vitu vinavyoletwa nyumba iliyopata mtoto. Walifika langoni wakasimama.

Nilielewa tatizo lao mara moja. Langoni hupigwa vigelegele, na vigelegele vina hesabu yake. Mvulana ana idadi yake na msichana ana yake, na jirani akisikia kutoka shambani anajua kilichozaliwa bila kuuliza. Walitazamana. Yule bibi alifungua kinywa akakifunga. Hakuna aliyejua sifuri hupigiwa vingapi, na mwalimu wa hisabati aliyekuwa jikoni hakujua pia.

Mama mkwe alitoka, mwiko mkononi, akasimama uani. Akapiga kimoja. Kirefu, kilichoenda mpaka msituni na kurudi. Wakaingia.

Wakati wanapanga mizigo, aliniwekea sahani mapajani. Njahi, nyeusi, nzito, zimepondwa na ndizi, zinafuka moshi. Gunia lilikuwa limetoka chini ya kitanda.

"Mama," nikasema, "njahi ni za anayenyonyesha."

"Ni za aliyetoka kwenye uchungu," akasema. "Kwani wewe umetoka wapi?"

Nikala. Nilimaliza sahani nzima, nikaomba nyingine.